"Mortgagee" ni benki, siyo mkopaji

Hapana mkuu, unasema "mortgagee" ni wewe mkopaji kwa kuwa ndiye uliyepewa hela, lakini kwenye huo mkataba wako wa rehani ya nyumba ya Tabata, "mortgagee" ni benki. Usiangalie nani kapewa hela, angalia nani kapewa rehani: wewe ndiye unayeweka nyumba, benki ndiyo inayowekewa. Hiyo -ee ya mwisho wa neno ilitokana na Kifaransa cha mahakama za Uingereza, inafanya kazi kama -wa yetu kwenye mwajiriwa au mshtakiwa. Nimechapa mikataba hii miaka kibao pale Posta, inachanganya hata wasomi. Ila usiikariri kama sheria: "escapee" katoroka mwenyewe, hakutoroshwa, na "attendee" ndiye aliyehudhuria. Kiingereza nacho!