Kabla hujaagiza gari la spoti ukiwa Tabora, pitia daftari langu

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Urambo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye lililompigisha simu: "Mjomba, tumbaku imelipa. Nataka kuagiza GT-R." Ni gari la spoti la Nissan, na alishaiona kwenye mnada wa Japani, ya mwaka 2009, rangi ya fedha. Nilimwomba wiki moja nimjibu vizuri. Jibu lenyewe ndilo hili, na naliweka hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi natembelea Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006. Niliinunua kwa mtu Dar es Salaam kwa shilingi milioni 27, nikaiendesha mwenyewe hadi nyumbani Ipuli, hapa Tabora, na sasa nimeishi nayo miaka minne. Tangu siku ya kwanza kila shilingi iliyoingia kwenye gari hilo imeandikwa kwenye daftari. Mke wangu ndiye aliyelishauri, na namshukuru, maana bila daftari ningekuwa na hadithi ya mlio wa ekzosi tu ya kumpa kijana.

Raha ipo, nianze nayo. Injini ni ya lita 2 yenye turbo, yaani pampu ya hewa ya kuiongezea nguvu, na nguvu zake ni farasi 280, na matairi yote manne yanavuta. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 5 hivi. Hicho hukitumii. Utakachokitumia kila safari ni pale ukishapita Nzega kuelekea Igunga, unapokuta msururu wa malori ya Rwanda na Burundi. Kwenye gari dogo la kawaida unakaa nyuma ya lori unachungulia, unarudi, unachungulia tena, na ukiamua kutoka unabaki muda mrefu upande usio wako. Kwenye STI unarudisha gia ya tatu, turbo inaamka, na lori tayari liko kwenye kioo cha nyuma. Muda wa kuwa mbele ya hatari unapungua mno, na kwangu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya gari lenye nguvu.

Ya pili ni breki. Za kwangu ni za kampuni ya Brembo, pistoni nne kila upande mbele. Ng'ombe akikatiza ghafla pale Puge, na wanakatiza kweli, farasi 280 haziwezi kukuokoa. Kinachokuokoa ni breki na tairi nzuri. Ningelazimika kubakiza kitu kimoja tu kwenye gari hili, ningebakiza breki.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar hawatakuambia kwa sababu huko haliwahusu. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Turbo huishindilia hewa ndani ya injini, kwa hiyo hulifidia pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Lakini inazunguka kwa kasi zaidi kufanya kazi hiyo, na hewa inayotoka inakuwa ya moto zaidi. Ikifika Oktoba, jua la utosini, ukikanyaga mara tatu nne mfululizo unaona kabisa gari limepoa nguvu. Ongeza suala la petroli. Gari hili lilipangwa huko kwao kutumia petroli ya oktani 100, oktani ikiwa kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati. Sisi tukiingia kituoni tunachagua petroli au dizeli, basi. Petroli ya oktani ndogo, ndani ya injini ya turbo iliyokanyagwa kwenye joto, huwaka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni. Kompyuta ya gari ikihisi hivyo hupunguza nguvu ili kuilinda injini. Kwa hiyo farasi zote zilizoandikwa kwenye karatasi mimi sizipati mwaka mzima, ila bili yake naipata nzima.

Sasa daftari. Kwa miaka minne nimetembea kilomita 36,000, ambazo si nyingi. Gari linakula wastani wa lita moja kwa kilomita 7, ukichanganya mjini na safari, na kwa bei ya kuzunguka shilingi 3,000 kwa lita petroli pekee imemeza milioni 15.4. Oili ni ya sinthetiki na naibadilisha kila kilomita 4,000 pamoja na chujio. Mara tisa, milioni 2.1. Tairi ni 235/45 za rimu 17, saizi ambayo hapa Tabora sijawahi kuikuta dukani ikiwa mpya, nimeagiza seti mbili kwa milioni 3. Pedi na diski za breki milioni 1.3. Mkanda wa taimingi, ambao unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000, niliubadilisha pamoja na pampu ya maji kwa laki 9, kwa sababu sikuwa na uhakika aliyekuwa nalo kabla yangu aliubadilisha lini. Shokapu, bushi na beringi za magurudumu milioni 2.4. Bima kubwa milioni 3.6.

Halafu kuna ukurasa wa injini, ambao nimeukunja kona ili niupate haraka.

Ilikuwa mwaka wa pili. Nilitoka Nzega jioni, nina haraka ya kuwahi nyumbani, na sikuwa nimechomoa kijiti cha oili tangu wiki mbili nyuma. Injini hizi za silinda zilizolala hunywa oili kidogo kidogo, hasa zikikimbizwa, na ikipungua mno beringi za konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, ndizo zinazoumia kwanza. Taa ya oili iliwaka mara moja kwenye kona, ikazima. Nikaendelea. Zilipobaki kilomita kama thelathini nikasikia mgongano wa chuma kwa chuma, ko-ko-ko, unaofuata mguu wangu kwenye pedali ya mafuta. Gari limenoki. Nilizima hapo hapo na kulala barabarani nikisubiri lori la kulivuta.

Fundi wangu wa Isevya ni mzuri na mkweli. Aliishusha injini, akafungua, akaniambia kwamba kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imechimbika na hana mashine ya kuichonga kwa usahihi unaotakiwa. Tukaagiza beringi Dar. Zikaja kwa basi za saizi nyingine. Zikarudi. Zikaja nyingine. Mwishowe nikanunua injini ya mtumba, nayo ilikaa njiani na kwenye foleni ya mizigo. Kwa jumla gari lilisimama wiki kumi na moja chini ya mwembe, limefunikwa turubai, na mimi nikipanda bodaboda kwenda kazini. Gharama ilikuwa milioni 7.5.

Jumlisha zote: milioni 36.2. Gawanya kwa kilomita nilizotembea, unapata shilingi 1,000 na ushee kwa kila kilomita moja, bila kuhesabu bei niliyonunulia. Kutoka Ipuli kwenda sokoni na kurudi ni kilomita 8 hivi, kwa hiyo kila nikifuata nyanya na gari hili natumia shilingi 8,000 kabla sijanunua nyanya. Na matunzo ya miaka minne yameshapita bei ya gari lenyewe.

Hili ndilo nataka mpwa wangu alishike kabla ya lingine lolote: ukiwa mbali na spea na fundi, gharama kubwa ya gari la spoti hutaiona kwenye mafuta. Iko kwenye siku linazosimama. Injini ile ile ingenoki Dar, pengine ningekuwa barabarani baada ya wiki mbili.

Tuje kwenye GT-R sasa, na naiheshimu sana. Ilipotoka Japani Desemba 2007 ilikuwa na injini ya lita 3.8, silinda sita, turbo mbili, farasi 480, na kila injini ilifungwa kwa mkono na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho. Inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tatu na nusu hivi na mwendo wake wa juu kabisa unazidi 300. Lakini zile za soko la Japani, ambazo ndizo tungeziagiza sisi, zimefungwa na kiwanda zisizidi 180 isipokuwa zikiwa kwenye viwanja vya mbio vinavyotambuliwa na kompyuta yake. Uwanja wa namna hiyo Tabora haupo. Kilichopo ni vibao vya 50 kila kijiji, matuta, na faini ya shilingi 30,000 askari akikunasa.

Tumbo lake liko sentimita 11 tu kutoka ardhini. Chukua rula uende ukapime tuta la karibu na kwako, halafu tuongee. Tairi zake ni za inchi 20, za nyuma zina upana wa milimita 285, za aina inayoweza kuendelea na safari baada ya pancha, na ndiyo sababu gari halina tairi la akiba. Tairi ya namna hiyo ikipasuka ubavuni kati ya Nyahua na Chaya, kwenye pori la kilomita 85, hakuna fundi pancha wa kukusaidia. Giaboksi iko nyuma, ina klachi mbili na inataka oili yake maalumu. Ikiumwa, ujue gari linapandishwa kwenye lori kwenda Dar, zaidi ya kilomita 800, na linarudi kwa lori.

Halafu kodi, ambayo vijana wengi huisahau kwa kuangalia bei ya mnadani. Tuchukue gari limefika bandarini kwa milioni 100 na lina zaidi ya miaka kumi. Ushuru wa forodha asilimia 25, umefika milioni 125. Juu ya hiyo milioni 125 unawekewa ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi lita 2, na asilimia 30 nyingine kwa uchakavu, umefika 175. VAT asilimia 18 inapanda juu ya hiyo yote. Linatoka na milioni 206 na nusu, kabla ya tozo ndogondogo na mtu wa klaringi. Na usidhani TRA, mamlaka ya mapato, watahesabu kwa risiti yako peke yake, wana thamani zao. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, kitumie kabla hujatuma hela Japani.

Kwa hiyo mpwa wangu, GT-R ukiwa Urambo hapana. Ungekuwa unaishi Dar, una gari jingine la kila siku na una pesa isiyo na kazi, ningekuambia nenda, maana ni mashine ya ajabu. Kama moyo wako ni wa spoti kweli, tafuta STI ambayo haijachezewa: turbo ya kiwandani, kompyuta ya kiwandani. Iliyoongezwa nguvu na mtu usiyemjua usiiguse hata ikiuzwa nusu bei. Ipimwe mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa ya moto, na namba zikitofautiana sana, ondoka. Weka milioni 10 benki kwa jina la injini, usizitoe hata kwa harusi. Baki na pikipiki yako. Oili chomoa kijiti kila Jumamosi na kila kabla ya safari, na lita mbili zikae kwenye buti siku zote.

Jana usiku kanipigia tena. Kasema alipima tuta la pale kwao kwa rula ya mtoto wake wa shule, sentimita 14. Kuna STI mbili Dar anataka tukazione mwezi ujao, na mimi nimeshaazima kipimo cha mgandamizo kwa fundi wangu.