Tabibu wa moyo: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza inakuwaje nyimbo zetu za taarab zimwite mpenzi nuru, tabibu, dawa ya moyo, maneno yaleyale ya kwenye dua, na kama kuziimba ni kumkosea Mungu.

Ikumbuke Burda, kasida uliyoisikia tangu ukiwa tumboni mwangu. Al-Busiri aliitunga Misri karne ya 13 kumsifu Mtume, lakini beti za mwanzo hazimtaji Mtume kabisa. Zinamhoji mtu anayelia: je, umewakumbuka majirani wa Dhi Salam, hata machozi yako yakachanganyika na damu? Hicho ni kilio cha mpenzi, kwa desturi ya washairi wa Kiarabu. Sifa zinafuata baadaye. Tena husimuliwa kwamba al-Busiri alikuwa amepooza upande mmoja, akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Maradhi, usiku, kupona: yote yamo, na watu wanaisoma msikitini.

Basi watunzi wetu hawakuiba kitu. Waliolelewa na maulidi wangeyatoa wapi maneno mengine? Hata kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa hapa Unguja mwaka 1905, jina lake ni ndugu wenye usafi. Na tarab kwa Kiarabu ni ule mtikisiko wa moyo, uwe wa furaha au wa huzuni. Kwenye maulidi tunanyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa mrashi, na harusini hayohayo. Mwimbaji akitaja waridi, pua inakumbuka kote kuwili.

Ila "nakuabudu" mimi silikubali. Mume hupendwa, haabudiwi. Wimbo ukifika hapo huwa nanyamaza, nawe ukinyamaza nitafurahi.

Jambo moja sijapata kukwambia. Mwezi wa pili wa eda ya baba yako, redio ya jirani ilipiga wimbo wa zamani, mwanamke akimlilia tabibu wake aje upesi, dawa anayo yeye. Nilikuwa bado juu ya mswala, nimemaliza alasiri. Nikaanza kuufuatisha kwa sauti ndogo, machozi yananitoka, sijui namwita baba yako au namwomba Mola. Niliuimba mpaka ukaisha, ndipo nikainua mikono.

Mama yako