Mnakaba kama mabubu

Alhamisi jioni nilikaa kwenye lile tofali la nyuma ya ringi, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, nikawatazama ninyi wa mwaka wa kwanza wa timu yetu ya kikapu mkikaba. Robo ya kwanza nilivumilia. Robo ya pili chai ikapoa bila kunywewa. Wadogo zangu, nawapenda, ila wale jamaa wa mwaka wa tatu walikuwa wanapita katikati yenu kama daladala za Kiboriloni siku trafiki hayupo barabarani.

Najua wengi mmetoka UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na medali, mama kaitundika sebuleni. Sawa. Huko ulikuwa unafunga pointi 20, kukaba ilikuwa kazi ya mwenzako. Hapa wote mmekuja mkiwa huyo wa pointi 20, na yule mwenzako hakuchaguliwa.

1. Kaeni chini. Magoti yakunjwe, mikono iwe wazi. Mnasimama wima kama watu wanaosubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo.

2. Hii si NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kuna dogo mmoja mrefu, senta, yaani yule wa kucheza karibu na ringi, kila baada ya muda alikuwa anaruka kutoka chini ya ringi, anarudi, anaruka tena, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Nikamwita pembeni.

"Unafanya nini?"

"Kaka, sekunde tatu."

Ni kweli NBA wana sheria ya sekunde tatu kwa anayekaba: asikae chini ya ringi zaidi ya hapo bila mtu wa kumkaba. Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na huku sekunde tatu zinamhusu anayeshambulia tu. Wewe unayekaba simama hapo mpaka magharibi iingie, hakuna refa atakayekuuliza. Kama unakesha kuangalia mechi za Marekani, basi siku moja soma na sheria unazochezea wewe. Huyohuyo akaniambia anataka kubloku kama Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyecheza NBA. Mdogo wangu, Thabeet ana mita 2.21. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote waliochaguliwa na timu za NBA, na hata yeye alikuwa anasubiri mpira utoke mkononi mwa mtu. Wewe unaruka mtu akikohoa.

3. Hesabuni faulo za timu. Ya tano ndani ya robo ni mitupo huru miwili, hata kama umemgusa mtu katikati ya uwanja akiwa anatafuta wa kumpasia.

4. Semeni. Hapa ndipo chai yangu ilipopoa. Watu watano wanakaba na uwanja umenyamaza kama chumba cha mtihani. Skrini inakuja, yaani mshambuliaji anajisimamisha njiani kumzuia anayekaba mpira; aliyeiona anaitazama tu, mwenzake anaigonga, halafu wanaangaliana. Mnajua utaratibu: anayekaba mpira hana macho kisogoni, kwa hiyo anayemkaba mweka skrini ndiye wa kupiga kelele. "Skrini kulia!" au "Swichi!", yaani tubadilishane watu. Basi. Haihitaji kifua wala kimo.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanikera kupita kiasi.

Nikiwa mwaka wa pili tulikwenda Arusha kucheza na chuo kimoja cha huko. Mimi nilikuwa senta. Pointi gadi wetu, yule anayeuleta mpira mbele, alikuwa kijana wa Same, mfupi, na sijawahi kucheza na mkabaji kama yule. Akikushika unaanza kutafuta pa kuutupa mpira kabla hujavuka katikati. Safari hiyo tulikuwa hatusemeshani. Alikuwa amenikopa shilingi 15,000 tukiwa tunasubiri bumu. Bumu likaingia, siku ya tatu nikamwona mazoezini na raba mpya, nyeupe pee. Sikumdai. Nilinuna. Ndani ya Coaster nikakaa siti ya nyuma kabisa, yeye mbele karibu na dereva, kilomita 80 kila mtu na dirisha lake.

Mechi ikawa ngumu. Zimebaki kama sekunde 10, tunaongoza 47 kwa 45, mpira ni wao. Yule kijana wa Same anamkaba mshika mpira, anamfuata kushoto, kulia, mgongo umenigeukia. Senta wao, jitu la mabega, ambaye ni mtu wangu wa kukaba, akaniacha akapanda juu kwenda kuweka skrini. Nilimwona tangu anavuka mstari wa mitupo huru. Nilikuwa na nafasi ya kuita hata mara mbili. Neno likafika kooni, macho yakashuka kwenye zile raba, nikafunga mdomo. Sitawadanganya kwamba nilipitiwa. Nilisema moyoni, haya, raba zimsaidie.

Kijana akaigonga ile skrini kwa kifua na kidevu, akaenda chini kwenye saruji. Mshika mpira wao akabaki peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu, mimi ndio kwanza nanyanyua miguu kumkimbilia. Mpira ukaingia bila kugusa chuma. 48 kwa 47.

Nikaenda kumnyanyua. Kidevu kinavuja damu, jezi imelowa, wala hakuuliza habari ya kidevu. Aliuliza, "Hukuiona?"

Nikasema, "Sikuiona."

Ile skrini naweza kuisamehe. Jibu hilo bado. Maana aliniamini. Njia nzima ya kurudi, pamba imebandikwa kidevuni, alikuwa anawaomba wenzetu msamaha: alipaswa kuihisi, alipaswa kuipita kwa juu. Kocha akamsema kuanzia stendi mpaka Tengeru. Mimi nipo siti ya nyuma nakula ndizi za kuchoma. Deni alilipa wiki mbili baadaye, na sikumbuki zile hela nilizifanyia nini. Ukweli nilimwambia siku ya mahafali, tukiwa na majoho. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kovu analo mpaka leo. Tunapigiana simu, ila mara nyingi mimi ndiye ninayepiga.

Kwa hiyo nikiona mtu anakaba kimya sijui kama hajafundishwa au kuna sahani ya wali mtu hakurudishiwa. Nunianeni hosteli, nunianeni kwenye foleni ya chakula, mpaka sapu, mitihani ya marudio, zitoke. Uwanjani ita.

5. Wafungieni njia watu wenu mpira ukirushwa, wabaki mgongoni mwenu. Mnakaba vizuri sekunde 20 na ushee, jamaa anakosa, halafu wote watano mnainua shingo kama watalii Kibo ikitoka mawinguni. Wao wanaokota ribaundi, ule mpira uliokosa, wanapewa sekunde 14 nyingine za kushambulia, mnaanza upya na pumzi hamna.

6. Tukienda Arusha msianze kwa kukaba uwanja mzima. Kule ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hapa Moshi mjini hatufiki 1,000, kwa hiyo pumzi inakata mapema, na kuna mtu kila mwaka anabisha hili mpaka robo ya pili.

7. Anayemkaba mtu aliyesimama kona asimwache kwenda kusaidia upande wa mpira. Nilitaka kueleza zaidi ila nimeshaeleza mara nne mazoezini.

Kesho ni saa kumi na nusu, si saa kumi na moja. Atakayewahi afagie, mvua ya juzi imejaza mchanga upande wa ringi ya barabarani, na saruji yenye mchanga mnaijua. Tutacheza watano kwa watano, kikapu hakihesabiwi, skrini isiyoitwa ndiyo inayohesabiwa. Yule mrefu wa sekunde tatu atakuwa timu moja na pointi gadi anayelala naye chumba kimoja. Nimesikia hawasalimiani tangu Jumatatu.