Maswali na majibu: ruzuku, warsha na kutundika kazi

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Kyela, Mufindi na Iringa. Zaidi ya nusu zinauliza fedha, kwa hiyo naanza na hizo.

Shikamoo. Ruzuku za kituo cha sanaa zinatoka lini, na ni shilingi ngapi? *Wasomaji wengi*

Marahaba. Kila ruzuku ina tangazo lake, na tangazo linasema tarehe ya mwisho, kiwango cha juu na nani anaruhusiwa kuomba. Lisome lote kabla ya kuandika kwangu, kwa sababu swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

Tofautisheni pia ruzuku na mkopo. Ruzuku hairudishwi, lakini unaitolea hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha. Kikundi kikila mkopo kikidhani ni zawadi, kinawafungia mlango wenzao wa mwaka unaofuata.

Kikundi chetu kiliomba fedha za warsha ya kusuka vikapu vya milulu. Tuliandika: vifaa 500,000, chakula 500,000, mengineyo 300,000. Tumekataliwa bila maelezo. Kosa liko wapi? *Kikundi cha akina mama, Mufindi*

Kosa ni hizo namba za mviringo. Kamati ikiona 500,000 mara mbili inajua hamkwenda sokoni kuuliza bei. Na neno "mengineyo" futeni kabisa. Kila mstari uwe na idadi, mara siku, mara bei.

Chukueni warsha ya siku 4, washiriki 15, wawezeshaji 2. Bei hizi ni za mfano, wekeni za kwenu. Chai na chakula cha mchana: watu 17 × siku 4 × 6,000 = 408,000. Wawezeshaji: 2 × siku 4 × 60,000 = 480,000. Maandalizi yao kabla ya warsha: 2 × siku 1 × 60,000 = 120,000. Nauli ya washiriki kwenda na kurudi: 15 × siku 4 × 2,000 = 120,000. Milulu: mafungu 30 × 3,000 = 90,000. Jumla 1,218,000. Ongezeni dharura asilimia 5, ambayo ni 60,900, mnapata 1,278,900. Mmeomba pungufu kidogo ya mlichoomba mwanzo, na sasa kila shilingi ina kazi yake.

Siku ya maandalizi msiikate. Milulu inatakiwa iwe imekatwa na kukauka mapema, ya rangi iwe imechemshwa na kuanikwa kivulini. Mkinunua mibichi wiki ya warsha, itanywea baada ya kusukwa na kikapu kitalegea. Siku ya kusuka ilowesheni kidogo tu ili isivunjike kwenye mkunjo.

Risiti: dukani daini ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Muuza milulu hana mashine, kwa hiyo andaeni hati ya malipo yenye jina, kijiji, simu, kiasi na sahihi au dole gumba, naye aijaze pale pale anapopokea fedha. Hati zinazojazwa mwezi mmoja baadaye kwa kalamu moja na mwandiko mmoja ndizo zinazoua ombi la pili.

Hamkuuliza, lakini nasema: bibi anayewafundisha kusuka ni mwezeshaji. Alipwe sawa na kijana anayekuja na kompyuta kufundisha masoko. Kumpa kanga na soda halafu kuandika "mgeni mwalikwa" ni kumdhulumu, na nimeliona kwenye makisio mengi mno ya mikoa hii.

Nachora kwa rangi ya kopo kwenye hadibodi, na nyingine kwenye amerikani. Baada ya maonesho ya Julai kazi zilishikana zikiwa zimefungwa, na fremu zimepinda. Rangi ni feki? *Mchoraji, Mwanjelwa*

Huenda rangi ni nzima kabisa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali. Rangi ya kopo, yaani ya mafuta, hukauka mara mbili: kwanza thina inatoka, kisha rangi yenyewe inakomaa kwa kushika hewa. Baridi inachelewesha hatua zote mbili, na ukipaka nene juu panakuwa pakavu huku ndani bado ni ugali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora hivyo hivyo kwa rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, lakini alikuwa Dar es Salaam, kwenye joto. Ukiileta njia ile Mbeya, ongeza muda.

Paka nyembamba. Kati ya koti na koti acha saa 24 wakati wa joto, siku 2 hadi 3 mwezi Julai. Kabla ya kufunga subiri wiki 3, kisha bonyeza pembeni kwa kucha: ikiacha alama, bado. Usifunge kwa nailoni ikigusa rangi. Weka vipande vya boksi kwenye pembe nne ili uso wa picha usiguse kitu.

Fremu zimepinda kwa sababu ulinunua msonobari mbichi. Mbao za shamba la miti la Sao Hill ni nzuri, ila nyingi zinafika sokoni zikiwa na maji. Zipange chini ya paa, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite. Pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kata. Ukishaunga pembe, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili, vipimo viwe sawa.

Amerikani ifue kwanza na kuipiga pasi, vinginevyo itarudi ikiwa kwenye fremu. Ivute, paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji sehemu 2, ikauke, kisha makoti mawili ya rangi nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta ikigusa kitambaa kitupu, miaka michache tu kitambaa kinaanza kukatika.

Tunaleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe kwa maonesho Mbeya. Vitatu kati ya kumi vinavunjika njiani. *Mratibu, Kyela*

Vinavunjika kwa kugusana. Chungu cha kuchomwa kwa moto wa wazi ni kigumu mezani lakini ukingo wake ni dhaifu. Jaza majani makavu ya migomba ndani ya kila chungu, kizungushie mengine, kisha kiweke kwenye kreti kivyake. Usipandanishe viwili bila ubao katikati. Tikisa kreti: ukisikia sauti, bado haijajaa. Kutoka Ikombe hadi Matema mnapita majini, Ziwa Nyasa, basi funika kreti, maana majani yakilowa yanalala na nafasi inarudi.

Na kwenye kibandiko msiandike "chungu cha asili, Kyela". Andikeni jina la mama aliyekifinyanga, kijiji, mwaka na bei. Mchoraji wa mjini anaandikwa jina lake. Mfinyanzi naye ana lake.

Kituo kichukue asilimia ngapi kazi ikiuzwa? *Mbeya*

Mnayokubaliana kwa maandishi kabla ya kutundika. Kwa asilimia 30, picha ya 200,000 inakuachia 140,000. Mkataba useme pia mtalipwa ndani ya siku ngapi na nani anafidia kazi ikiharibika. Na anayenunua picha hanunui haki ya kuichapa kwenye fulana: kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haki hiyo inabaki kwako mpaka uiuze kwa maandishi.

Mwanangu ana miaka 9, aje warsha ya kuchonga?

Hapana, patasi ni hatari kwake. Mlete kwenye warsha ya udongo, na mtu mzima wake abaki naye.

Tunatundika picha 20 kwenye jengo la zamani la Kijerumani. Misumari tupige wapi? *Iringa*

Msipige kabisa. Majengo kama Boma la Iringa, ambalo ni makumbusho tangu 2016, yana lipu ya zamani inayobanduka kwa vipande. Tumieni reli ya mbao juu ya ukuta kama ipo, au paneli za kusimama. Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Picha ya urefu wa 60, waya wake ukivutwa ukiwa 8 chini ya ukingo wa juu: 150 + 30 (nusu ya urefu) − 8, ndoano ikae sentimita 172. Piga hesabu hiyo kwa kila picha mkiwa bado mezani, iandikwe kwa penseli nyuma ya fremu, ndipo mpande ngazi.