Kumfuata mume minadani: jibu langu kwa dada wa saluni

Dada mleta mada, umeuliza kama ufunge saluni yako umfuate mumeo kwenye biashara ya kuzunguka minadani, na unasema watu wamekutisha kwamba ndoa za barabarani hazidumu. Mimi na mume wangu tunauza vyombo na mitumba kwa kufuata misimu, tulianza hatujapata hata mtoto na mpaka leo tupo pamoja, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaishi. Nenda. Ila nenda na kazi yako mkononi, usiende kukaa kwenye turubai lake kumshikia chenji, hapo ndo nimeona wengi wanaachania.

Kwanza uelewe hii kazi inavyokwenda mana inawezekana hajakueleza vizuri. Sisi tunafuata hela ya mazao. Oktoba mpaka Desemba tupo kusini kwenye korosho, Masasi, Newala, Tandahimba huko. Mkulima akipeleka korosho chama cha msingi cha ushirika halipwi palepale, mpaka mnada wa kuuza hizo korosho ufanyike ndo hela iingie benki, kwa hiyo unaweza kukaa Newala wiki nzima unauza vikombe viwili vitatu unakata tamaa kabisa, afu hela ikishasoma kwenye akaunti mji unajaa hamna pa kukanyaga, watu wanabeba magodoro, masufuria, vitenge, kila kitu. Ikifika Mei Juni kuna ufuta Lindi, na wakati huohuo pamba inakuwa imefunguliwa Simiyu, Bariadi na Maswa, hapo lazima mchague upande mana huwezi kuwa kote. Katikati mnajazia na minada ya kawaida ya wiki. Nauli ya Fuso, ushuru na gesti vyote vinatoka humohumo.

Sasa ugumu wenyewe. Kulala juu ya mabelo ya mitumba nyuma ya Fuso mwili unazoea, wala usiogope. Kazi ipo kwenye kuonana na mtu mmoja asubuhi mpaka asubuhi. Kwenu saa hizi mkikwaruzana asubuhi yeye anaenda kwenye mihangaiko yake wewe unaenda saluni, jioni hasira imeshashuka. Huku mmegombana saa mbili, saa tatu mteja kaja kauliza bei ya hotipoti, mmoja kasema kumi na tano mwingine kasema kumi na mbili, tena mbele ya mteja, na usiku mnarudi chumba kimoja kitanda cha futi nne.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara ya kusini pale Somanga tulikuwa tunashuka Lindi kwenye ufuta. Malori na mabasi yamepangana, mvua, matope, mume wangu anataka tugeuze turudi Dar, mimi nasema tusubiri, dereva naye anadai hela ya kulaza gari. Kwetu vyombo ni mtaji wangu na mitumba ni mtaji wake, kwa hiyo nikamwambia mume wangu wewe ukigeuza geuza na mabelo yako, masufuria yangu yanashuka hapa nabaki nayo. Hakujibu, akaondoka. Baadaye akarudi na chai ya tangawizi kwenye vikombe vya plastiki, akakaa pembeni yangu kwenye ndoo, tukaanza kupiga hesabu upya wote wawili na tukasubiri njia. Ningekuwa sina changu pale ningebebwa tu kama mzigo, na ningenung'unika mpaka leo.

Ndo mana nakwambia kuhusu kusuka. Wewe una fani dada! Hela ya korosho ikitoka wanawake wanataka kusukwa, beba rasta zako, vitana na kistuli, tafuta kivuli karibu na turubai la mumeo ila pasiwe palepale. Mchana kila mtu na wateja wake, usiku mna cha kusimuliana. Hela ya chumba na chakula mchange, inayobaki kila mtu ashike yake.

Kingine ni heshima. Gesti kuna kile kitabu cha wageni, jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Mume wangu huwa anaandika majina yetu wote wawili na mhudumu anaambiwa huyu ni mke wangu, na wenzake minadani wote wananiita shemeji. Hili mwambie mumeo mapema, mana mwanamke anayezunguka watu wanamuwazia mengi na mtu wa kulinyoosha ni mume mwenyewe.

Vikoba utapata shida, vikao ni kila wiki na wewe hupo, ongea na kikundi kama watakubali utume hisa kwa simu. Ujauzito unawezekana, mimi kadi ya kliniki ilikuwa haitoki kwenye pochi, nilikofikia ndiko nilikopima. Mtoto akianza shule ndo habari nyingine. Wetu yupo kwa bibi yake Singida na kiukweli hilo linaniuma, kuna usiku anapiga simu anauliza mama unakuja lini na huna jibu. Tumekubaliana msimu wa pamba mimi nabaki nyumbani naye, mume anakwenda na mdogo wake. Mambo ya mtoto yazungumzeni kabla hamjaondoka, msisubiri mpaka azaliwe.

Na saluni usiifunge, vifaa usiuze. Mwachie binti unayemwamini akuletee hesabu kila wiki, wewe nenda na mumeo msimu huu mmoja wa korosho kuanzia Oktoba. Januari shule zikifunguliwa mtakuwa mmesharudi, mkae chini na daftari zenu mbili muangalie kila mmoja kaingiza nini, ndo uamue kuhusu fremu ya saluni.