Kamba juu ya bwawa zimewafukuza bata bukini, ila usikosee nilipokosea mimi

Kama unafanya kazi ya mentenansi huku Marekani na eneo lenu lina bwawa, hawa bata bukini wa Kanada sina haja ya kukuelezea, wale wakubwa wa shingo nyeusi na shavu jeupe. Mimi niko Columbus, Ohio, natunza apatimenti zenye bwawa dogo la kukusanya maji ya mvua, urefu kama futi 100, upana futi 70, na miaka miwili mizima asubuhi yangu ilikuwa inaanza na koleo na ndoo, nazoa mavi kwenye njia wanayopita watoto kwenda kusubiri basi la shule. Na mavi yenyewe sio ya kuku, ni minene kama kidole, ya kijani, ukiyakanyaga yanaingia kwenye soli mpaka utafute kijiti.

Bosi akanunua mbwa mwitu wa plastiki, siku ya nne nakuta bata wamelala pembeni yake. Tukapuliza dawa yenye harufu ya zabibu kwenye nyasi, mvua moja tu imekwenda. Siku hiyo ndio nikakumbuka nyumbani Ifakara, tulivyokuwa tunaamia ndege kwenye mpunga, tunavuta utepe wa kaseti mbovu toka mti huu mpaka ule, upepo ukipiga unalia vuuuu. Nikasema si nivute kamba juu ya bwawa. Kuulizauliza, kumbe huku ni njia ya siku nyingi tu, watu wanaweka kamba kwa mraba kama wavu wa matundu makubwa sana.

Unaweza kushangaa kamba zilizoachana futi 20 zinamzuiaje bata, si anapita katikati? Kaa siku moja umwangalie anavyotua. Hashuki wima yule, anakuja kwa mshazari kama ndege ya abiria, miguu mbele, anateleza juu ya maji hatua kadhaa ndio anakaa, na akitaka kuondoka mara nyingi anakimbia kwanza juu ya maji mpaka apate mwendo. Sasa akiona kamba zimekatiza uwanja wake anapiga kelele, anazunguka mara mbili, anakwenda zake. Wale bata wadogo wa kichwa cha kijani wao wananyanyuka karibu wima, futi 20 haziwasumbui, waache tu, hawana shida na mtu.

Haya, makosa yangu. La kwanza nilitumia mshipi wa kuvulia samaki, ule mweupe usioonekana, nikiona ni wa bei rahisi na haukai vibaya machoni. Asubuhi ya tatu nakuta korongo kanasa bawa, anapigapiga maji, ikabidi niingie na mabuti mpaka kiunoni na mkasi mdomoni, tukamtoa mzima lakini nilitetemeka, maana ndege hawa wanalindwa na sheria ya tangu 1918 na huyo bata bukini yumo humo humo. Lengo ni ndege aone kamba akiwa mbali asithubutu, sio anase. Kwa hiyo chukua kamba nyembamba inayoonekana, isiyovutika kwa jua, halafu funga vipande vya utepe wa rangi kali kila baada ya hatua mbili tatu.

La pili nilipima kimo kipindi cha ukavu. Nikaweka futi moja na nusu juu ya maji, safi kabisa, nikapiga na picha nikamtumia bosi. Wiki iliyofuata mvua siku mbili mfululizo, na hili ni bwawa la maji ya mvua jamani, maji yakapanda kamba zote zikazama, na bata wakarudi kama hakuna kilichotokea. Angalia alama ya tope kwenye ukingo, pale maji yanapofikaga, pima kuanzia hapo.

Nguzo nilitumia nondo, nimezigongelea zikiinamia nje, yaani kuelekea mbali na maji, kwa sababu udongo wa ukingo ni laini na kamba ikikazwa inavuta nguzo ndani. Na kila kamba iwe na ncha zake, zinapopishana katikati usizifunge pamoja, moja ikikatika nyingine zibaki. Futi 20 zilifanya kazi ila kuna dume mmoja mjanja alikuwa anajipenyeza, nikapunguza zikawa futi 10, hapo spuli ya futi 1000 haikutosha, ikabidi niagize ya pili. Pesa yote haikufika dola 200.

Kosa kubwa lakini lilikuwa ni muda. Mwaka wa kwanza nimeweka Aprili, wakati kuna jozi imeshataga chini ya kichaka, na baba yao alinipiga bawa la mguu nikachechemea siku mbili, usimchukulie poa. Kumfukuza fukuza, lakini kiota chenye mayai usiguse kama eneo lenu halijajisajili serikalini kwa hilo. Basi mayai yakakaa siku 28, vifaranga vikatoka, na vifaranga haviruki mpaka vipitishe miezi miwili. Halafu mwezi wa sita wakubwa nao wananyonyoka manyoya ya mabawa, karibu mwezi mzima hawaruki. Kwa hiyo nina kamba juu ya bwawa na familia nzima inaingia na kutoka kwa miguu, wanapita chini ya kamba kama wenye nyumba! Ndio nikazungusha ukingoni kamba mbili, ya chini kama inchi 8 kutoka ardhini, ya juu inchi 16, na nyasi za ukingo nikaacha kukata, maana bata hapendi nyasi ndefu asizoona kilichojificha nyuma yake. Bosi alilalamika panaonekana pori. Nikamuuliza anachagua pori au mavi.

Siku hizi Desemba nazitoa zote, barafu ikigandia kwenye kamba inakuwa nzito inang'oa nondo, na wiki ya mwisho ya Februari narudisha kabla jozi hazijachagua pa kutaga. Kibao cha kukataza mikate nimeweka pia, ingawa kuna bibi wa jengo la pili bado anawarushia, na yule namwamkia tu napita, siwezi kugombana na mtu mzima.

Mwaka huu hakuna kiota hata kimoja. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa barabara kuna bwawa lingine, anayelitunza ni Mkongo wa Bukavu, juzi kanifuata na kofia mkononi, "Ndugu, ile mabata yako yote iko huku kwangu sasa." Nimebakiwa na kamba kama futi 300, Jumamosi tunaenda kupima lake.