Kupigwa usiku wa kafyu

Dada, umeuliza mwanamke wa Kenya angeripoti vipi kipigo usiku wa kafyu ya korona ya 2020, maana hata polisi wenyewe walikuwa wakitandika watu barabarani. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na anayekupiga mmefungiwa naye chumba kimoja. Njia iliyobaki ilikuwa simu ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani: 1195, usiku na mchana, bila malipo. Ya watoto ni 116. Jirani yangu alipiga akiwa bafuni, bomba wazi, maji yakimwagika ndani ya beseni ili mume asisikie sauti.

Akibakwa, hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Asioge. Nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuonyesha majeraha, ni bure kituoni. Usikubali kulipishwa, tafadhali. Tena sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inaruhusu mahakama kumkataza mume asikukaribie, hata kama hamjaachana.